Sifa za Polishi ya Matairi

Mnazi umeshasifiwa. Jahazi limeshasifiwa, bi harusi kasifiwa mpaka waimbaji wamekauka makoo, na wakubwa wetu husifiwa kila siku, wawepo wasiwepo. Lakini polishi ya matairi, ile inayokaa kwenye chupa kuukuu ya maji ya kunywa yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, haijapata hata kibwagizo kimoja. Hiyo ni dhuluma, na leo naomba niiondoe. Yapata miaka 1,600 iliyopita, Sinesio wa Kirene, mtu wa pwani ya Libya ya leo ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, aliandika maneno mengi ya kukisifu kipara, na maandishi yake yangalipo. Ikiwa kipara kimepata mtetezi wa hadhi ile, kipodozi cha tairi lenye kipara kinakosaje?

Ada ya kumsifu mtu ni kuanzia nasaba yake. Polishi yenyewe haina ukoo wa kujivunia, lakini bwana wake, tairi, anao. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huacha kunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Hata sisi tumo kwenye ukoo huo. Enzi za Wajerumani mashamba ya mpira yalienea Muheza na maeneo mengine ya Tanga, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa ushindani wa mpira wa Asia. Baadaye Arusha ikapata kiwanda cha matairi cha General Tyre, nacho kikaacha kuzalisha kabla ya mwaka 2010. Basi leo matairi tunayaagiza kutoka nje, ila kuyang'arisha hatumwachii mgeni. Tunang'arisha wenyewe, kwa mikono yetu, kila Jumamosi.

Lililo zuri zaidi katika nasaba hii ni kwamba ule weusi tunaoulipia hauna uhusiano wowote na urembo. Utomvu wa mpira ni mweupe, na matairi ya mwanzo hayakuwa meusi. Ndiyo maana yule jamaa mnene wa Michelin, aliyezaliwa kwenye mabango ya matangazo mwaka 1898, ni mweupe mpaka leo. Weusi uliingia katika miaka ya 1910, watengenezaji walipoanza kuchanganya masizi laini kwenye mpira na kuona tairi linachelewa sana kulika. Masizi yaliletwa yashike kazi. Polishi imekuja baadaye kabisa, imewakuta wenzake wameshatoka jasho, ikajitangaza kuwa ndiyo iliyoleta weusi, na sisi tumeipigia makofi. Anayeona jambo hilo ni geni hajawahi kufanya kazi ofisini.

Sasa tuzitazame fadhila zake, na ya kwanza ni kwamba haijui kukataliwa. Nenda sehemu yoyote ya kuoshea magari Sinza, Tabata au Kinondoni, hasa zile zilizopakana na jiko la nyama choma. Mwenye gari ameshaagiza nusu kilo, ameketi, ametazama simu. Gari limeshapigwa maji, sabuni na kitambaa. Hapo kijana atasogea na chupa yake aulize: "Bosi, tupige na matairi?" Bosi huyo anaweza kuwa ameahirisha kubadilisha oili tangu masika iliyopita. Anaweza kuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Anaweza kuwa amemwambia mkewe asubuhi hiyo hiyo kwamba hana hela. Lakini kwa swali hilo hana ubishi. "Piga," atasema, bila kuinua macho. Hakuna mhubiri wala mkusanya michango ya harusi aliyewahi kujibiwa upesi namna hiyo.

Fadhila ya pili ni ujasiri wa kitabibu. Watengenezaji huweka ndani ya mpira dawa ya kuukinga na ozoni, gesi iliyomo hewani inayopasua mpira taratibu. Dawa hiyo hupanda yenyewe hadi kwenye ngozi ya tairi, ikakutana na ozoni, na ikishamaliza kazi yake huacha rangi ya kahawia. Huo ndio ukahawia unaotutia aibu mbele ya majirani. Tunauona tunasema gari limechoka, kumbe tairi linajitibu. Kijana hulikuna kwa brashi ngumu na sabuni, povu linatoka la kahawia, analikuna tena mpaka litoke jeupe, kisha mgonjwa aliyekuwa anajihudumia mwenyewe anapakwa polishi ya silikoni aonekane hajawahi kuumwa.

Na polishi ina madaraja yake, kama ilivyo kwa kila familia yenye heshima. Ipo ya maji, nyeupe na nzito, ambayo ikikauka huacha weusi mpole usio na makuu. Ipo ya mafuta, angavu na yenye harufu ya gereji, inayong'aa kiasi kwamba unaweza kujikagulia meno. Hii ya pili ndiyo inayopendwa, kwa sababu mtu akishalipa anataka fedha yake ionekane toka ng'ambo ya barabara. Ipo na ya tatu, inayotengenezwa uani kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya mtu mwingine. Hiyo hata mimi niliyejitolea kusifu naikimbia: oili ya namna hiyo hupenya ndani ya mpira, ikauvimbisha na kuulainisha. Hung'arisha tairi huku ikilila.

Fadhila ya tatu ni mafunzo ya kiroho. Hina ya miguuni mwa bi harusi angalau hudumu hadi fungate ikolee. Polishi ya matairi hupakwa saa nne asubuhi, na saa nne na robo gari limeshaingia kwenye dimbwi la kona ya kwanza mtaani. Ni mapambo pekee yanayowekwa juu ya kitu ambacho kazi yake yote ni kukanyaga uchafu. Wahenga wametuambia dunia ni mapito, mashehe na mapadri wamerudia, na bado hatujaelewa. Polishi haitumii maneno. Inakupokea fedha, inakupa fahari ya dakika kumi na tano, kisha inakuonyesha tope. Mwenye gari anayerudi wiki inayofuata kupakwa tena ama ameelewa somo vizuri sana, ama hajaelewa kabisa, na kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Fadhila ya nne ni ukarimu. Polishi haipendi kukaa peke yake. Ukiipaka nyingi na kuondoka kabla haijakauka, gurudumu likianza kuzunguka huirusha: vitone vyeusi kwenye mlango, vitone kwenye bamba la nyuma, na kama gari ni jeupe, kama yalivyo mengi yanayotoka Japani, vitone hivyo huonekana vizuri zaidi. Suruali nayo hupata fungu lake mwenye gari anapoegemea tairi kuzungumza na jamaa. Wapo wajuzi wanaobania ukarimu huu. Huosha matairi kwanza, kabla ya bodi, ili uchafu wake usirukie palipokwisha kusafishwa. Husubiri mpira ukauke. Hupaka safu nyembamba kwa sponji badala ya kumwaga, huiacha itulie kidogo, kisha hupitisha kitambaa kikavu kuondoa iliyozidi. Kwa watu kama hawa gari hutoka safi pande zote na suruali hubaki na rangi yake. Ni wachache, na hawana haraka, ndiyo maana foleni yao ni fupi.

Fadhila ya tano ni usawa. Vitz la mwalimu na Land Cruiser la mkurugenzi yakishapakwa, weusi ni ule ule. Bajaji hupata ule ule. Polishi haiulizi cheo wala ukubwa wa injini, wala haiulizi umri, na hapo ndipo ilipojipatia rafiki wa kufa na kuzikana: dalali wa magari. Tairi lililokaa juani miaka mingi, lenye nyufa ndogo ndogo ubavuni, likipakwa vizuri hurudi ujana wake mchana kutwa. "Mzee wangu, matairi hayo hayajatembea," dalali atasema, huku amesimama katikati ya mteja na jua. "We yaone yenyewe yanavyong'aa." Kizuri chajiuza, na hiki kimelipiwa nauli kije kujiuza.

Maadui hawakosekani. Watasema huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watasema tunalipia ubavu, ambao haugusi lami, na kusahau kashata, ambazo ndizo zinazoshika barabara. Watakumbusha kwamba gari zima, na watoto waliomo, na magunia ya mahindi yaliyo nyuma, huning'inia kwenye sehemu nne zinazogusa barabara, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Watataja Ulaya, ambako sheria inataka kashata za gari dogo zisipungue milimita 1.6, na watakuonyesha vile vijituta vya mpira ndani ya mifereji ya tairi: kashata zikishalingana navyo, tairi limemaliza maisha yake, hata ling'ae namna gani.

Naijibu hoja hiyo kwa unyenyekevu. Ni kweli, polishi haigusi kashata. Lakini hiyo ni sifa, si lawama! Polishi inajua mipaka yake, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu vipodozi vingi. Ikipakwa kwenye kashata huzitelezesha, na dereva hugundua hilo anapofunga breki. Kwenye bodaboda hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa pikipiki hulala inapokata kona na kusimama juu ya pembeni ya tairi, pale pale ambapo kijana mwenye chupa angependa kung'arisha. Basi mwenye bodaboda aoshe tairi kwa sabuni na maji, aishie hapo. Mwenye gari naye ahakikishe sponji haivuki ubavu wala haifiki kwenye diski za breki. Polishi yenyewe haijawahi kuomba kupelekwa huko. Hupelekwa na wapenzi wake waliozidiwa na mapenzi.

Ama shutuma ya kwamba inaficha umri, hapo maadui wamekosea kabisa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa na vumbi na tope, tarakimu hizo hazisomeki. Likishasuguliwa na kupakwa, zinasimama waziwazi, nyeusi juu ya nyeusi, zikimsubiri mnunuzi ainame. Dalali ameng'arisha cheti cha kuzaliwa akidhani anakifuta. Kama herufi hizo zimegeukia upande wa ndani, chini ya gari, basi mnunuzi ainame zaidi. Polishi haiwezi kumfanyia kila kitu.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye sifa ambayo siitanii. Katika maisha ya gari la kawaida mjini, nani huchuchumaa usawa wa gurudumu na kulitazama kwa karibu? Mwenye gari hachuchumai, ana kitambi na shati jeupe. Dereva hupiga tairi teke moja akaridhika. Fundi huliona siku limeshapasuka. Anayechuchumaa kila wiki, akalizunguka lote kwa mkono, vidole vikipita juu ya kila ufa, ni yule kijana mwenye brashi. Yeye ndiye anayeuona msumari uliojichomeka kati ya kashata. Yeye ndiye anayekigusa kivimbe ubavuni, kile kinachoonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika na tairi linaweza kupasuka likiwa kwenye mwendo. Yeye ndiye anayeona tairi la kushoto limelika upande mmoja, dalili kwamba magurudumu hayajakaa sawa. Anaona yote hayo, kisha anayapaka polishi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ameambiwa apige, naye kapiga.

Kwa hiyo sikuombi uache kung'arisha matairi. Ng'arisha, lipa, na ongeza chochote juu ya bei. Ila Jumamosi hii kijana akikuuliza kama apige na matairi, weka simu mezani, inua macho, umjibu: "Piga, mdogo wangu. Lakini kabla hujapaka, niambie umeona nini." Halafu nyanyuka ukatazame mwenyewe, nyama itakusubiri jikoni. Usalama wote uliolipa kuupata kwa chupa ile umo katika jibu la swali hilo, na jibu ni la bure.