Waroma na Majina ya Kubembeleza

Wanaosema Waroma wa kale walikuwa watu wa mabavu wamewaonea bure. Kilatini chao chasikika kama halua: tia -ulus, -ola au -ula mwishoni, na kila kitu kinakuwa kidogo, cha kubembelezwa. Msemaji Cicero, baba mwenye huruma, alimwita bintiye Tullia "Tulliola", na mwaka 67 KK akampatia mchumba, binti akiwa bado mtoto. Mapenzi ya kweli hayangoji! Watoto wa utumwa waliofugwa kumburudisha bwana waliitwa deliciae, yaani raha zake. Nani asingetaka kuitwa raha ya mtu, hata kama hakuulizwa?

Askari wa jemadari Germanicus nao, wale waliochinja Wajerumani, walimwona mwanawe amevishwa viatu vya kijeshi wakamwita Caligula, kijiatu. Malezi yaliyoje! Alipokuwa Kaisari, mwanafalsafa Seneca anasema, alimwadhibu akida kwa kumwita hivyo. Mtoto hana shukrani. Mwaka 41 BK walinzi wake wenyewe wakamkatakata kwa panga. Upanga kwa Kilatini ni gladius. Ukiubembeleza unakuwa gladiolus, na siku hizi hilo ni ua.