Barua ya Wazi kwa Afisa Aliyenizaa Tarehe Mosi Januari

Kwako Mheshimiwa Afisa wa Kuandikisha Watu,

Salamu nyingi kutoka Leparua, huku Isiolo. Hatujaonana tangu siku ile uliponizaa, na natumai u mzima na pensheni yako inaingia kwa wakati. Mimi ni yule kijana mrefu uliyemkuta kwenye foleni ya vitambulisho chini ya mgunga mwaka 1980. Ulinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, ukaniuliza nilizaliwa lini. Nikakujibu kwamba mama alinizaa ile mvua kubwa ilipokuwa inakatika, mvua iliyojaza laga zote, ile mito yetu ya msimu, na kusomba mbuzi wa watu. Ukaguna. Ukaandika 1 Januari 1955.

Mvua ile ilikuwa ya mwaka 1961, Mheshimiwa. Mafuriko yake yalikumba sehemu kubwa ya nchi, na wazee wanayataja hadi leo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, ukanipa ishirini na mitano. Nilipokwambia ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, ulinijibu kwamba watoto wa wafugaji huchelewa shule. Halafu ukaita, "Anayefuata!"

Anayefuata naye ulimpa Januari mosi. Foleni nzima ilizaliwa siku hiyo. Kina mama wa Leparua walipata kazi kubwa usiku ule, na sijui wakunga walitoka wapi.

Nisikulaumu bure. Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya siku, mwezi na mwaka, na sisi hatukulelewa na vitu hivyo. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi. Mtu aliuliza, "Huyu anachunga nini?" Ukiambiwa anachunga ndama karibu na boma, basi ni mtoto wa kuangaliwa na mama yake. Akichunga mbuzi, anaweza kutumwa kwa jirani na kurudi na jibu kamili. Akienda na ng'ombe mbali, karibu atauliza habari za kutahiriwa. Mimi nilikuwa wa mbuzi muda mrefu kuliko wenzangu, kwa kuwa baba aliamua kichwa changu kina maneno mengi na maneno mengi hushtua ng'ombe. Chifu alipokuja kutaka mtoto mmoja wa shule kutoka kila boma, baba hakukuna kichwa hata kidogo.

Ukitaka umri wa mwanamume mzima wa Kisamburu, uliza rika. Lkimaniki walitahiriwa 1948, Lkishili 1960, Lkuroro 1976, Lmooli 1990, Lkishami 2005. Mimi ni Lkuroro. Kila mtu kutoka hapa hadi Wamba anaweza kukwambia nani alisimama karibu na nani asubuhi ile ya tohara na nani alipepesa macho. Ulikuwa na mashahidi wa kutosha kujaza ukumbi wa mahakama, na wote walikuwa wamekaa pale pale kwenye kivuli wakikusubiri umalize chai.

Sasa nikueleze kazi niliyofanya baada ya wewe kunizaa. Nilisomea afya ya mifugo Kabete, nikarudi Isiolo kuwa mtu wa sindano na majosho. Miaka mingi nimekaa kwenye vumbi la karantini ya mifugo nikifungua midomo ya ng'ombe. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, kwa hiyo unashika taya, unavuta ulimi kando, unaangalia chini. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka akiwa na miaka miwili hivi, na akifika minne au mitano meno manane yameshatimia. Baada ya hapo unapima jinsi yalivyosagika. Mwenye ng'ombe anaweza kuapa kwa watoto wake wote, lakini meno hayali kiapo. Sikuwahi kumwandika ng'ombe hata mmoja kwamba amezaliwa Januari mosi. Ndiyo maana nasema, kwa heshima zote, ungenifungua mdomo.

Kazi yetu haikuwa ya mchezo. Tulichanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka hadi ukaisha duniani. Mara ya mwisho ulithibitishwa kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapo kwa jirani, mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba haupo tena popote. Virusi vimepewa tarehe ya kufa baada ya uchunguzi wa miaka kumi. Mimi ya kuzaliwa nilipewa kwa dakika moja.

Mwaka 2009 serikali ilisogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, nikaponea chupuchupu, maana kwa kadi yako nilikuwa nafikisha 55 mwaka uliofuata. Lakini siku haikimbiwi. Desemba 2014, nikiwa na miaka 53 ya mama yangu, nikapewa blanketi, saa ya ukutani na hotuba kuhusu uzee mwema. Mwenzangu mmoja alinivuta kando akanipongeza kwamba mtoto wangu wa mwisho bado yuko darasa la tatu. "Mzee, wewe una nguvu!" Niliandika barua kuomba tarehe irekebishwe. Nikajibiwa nilete cheti cha kuzaliwa. Nilipokwenda kuomba cheti, nikaambiwa nilete nakala ya kitambulisho.

Kisha kuna kaka yangu. Yeye ni Lkishili, alitahiriwa 1960, kabla mimi sijazaliwa. Yeye hakuandikwa nawe, aliandikwa na mwenzako, ambaye nadhani alipenda meno ya kaka. Alipewa 1 Januari 1958. Maana yake, kwa hesabu ya serikali, kaka alikabili kisu akiwa na miaka miwili, na hakulia! Tunajivuna sana. Marehemu mama, wanawake walipoanza kupewa vitambulisho, alipewa 1945. Kwa hiyo alinizaa mimi akiwa na miaka kumi, akapumzika mitatu, akamzaa kaka yangu mkubwa.

Utacheka, lakini hesabu hii ina bei. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unawapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mimi nilifikisha 70 mwaka 2025 kwa hisani yako, ila mwenye pensheni haruhusiwi, na hilo ni haki. Kaka hana pensheni wala fimbo ya pili, macho yamekwisha, na ni lazima asubiri hadi 2028 ili azeeke.

Mwaka huu binti yangu wa Nairobi alituletea keki ya Januari mosi, kubwa, yenye majina. Langu, la kaka, la mke wangu, la majirani wawili, na bado ikaonekana tumemsahau mzee wa zamu ya maji. Wajukuu wakaimba. Ilipofika kukata, pakazuka neno. Desturi ni wakubwa watangulie. Kaka akanyoosha mkono. Mjukuu wangu, ambaye anasoma na ana maneno mengi kama babu yake, akasema kwa kadi mimi ndiye mkubwa. Mjadala ukaenda hadi jua likasogea, krimu ikaanza kuteremka, na nzi, ambao hawana rika, wakatangulia.

Ombi langu ni dogo. Nina miaka karibu saba ya ziada ambayo siitumii. Kaka anadaiwa kama kumi na mitatu. Nipe fomu ya kumhamishia yangu, kama watu wanavyohamisha hisa za ushirika. Nitaleta chifu, nitaleta Lkuroro wote walio hai, nitalipa na ada ya muhuri.

Nilipomsomea kaka aya hiyo ya mwisho, alikataa katakata. Anasema yuko sawa na umri alio nao. Kuna mjane mmoja ng'ambo ya laga, na ameshaonyeshwa kitambulisho.

Wako mtiifu,
Mstaafu, Leparua