Lenzi Inayovuta Mpaka Puani

Nina picha moja ya nyani ambayo hata mama yake mzazi angeipita bila kusema huyu wangu. Ni weusi, halafu unyevunyevu, halafu weusi tena. Niliipiga Mikumi, jua likiwaka, kwa kifaa kilichogharimu bei ya bati za kuezekea jiko letu. Nazitaja bati kwa sababu ndizo zilizokuwa zimewekewa hizo fedha.

Kazi yangu ni harusi. Ijumaa hadi Jumapili utanikuta katika kumbi za hapa Morogoro mjini, nimepiga goti mbele ya keki. Lakini mtu ukikaa chini ya Uluguru miaka na miaka, kila asubuhi ukifungua dirisha unaona wingu limekikalia kilele cha Bondwa kama kilemba, ipo siku utajiuliza kule juu kuna nini, na wewe huku unapiga picha keki. Ndivyo nilivyonunua lenzi ndefu ya mkono wa pili, ile inayovuta kuanzia milimita 100 hadi 500, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Tumemalizana, nimeshaaga, akatia mkono kwenye begi akatoa kitu mfano wa kikombe cha kahawa kilichotoka tako.

"Na hiki je?"

Hiki ndicho telekonveta. Unakibana katikati ya kamera na lenzi, kama fundi bomba anavyounga mabomba mawili, nacho kinaitanua taswira mara 1.4. Mia tano inakuwa mia saba. Nilipiga hesabu nimesimama pale pale, nikawaona tembo wa Mikumi wamejaa sebuleni kwangu.

Mama watoto yeye alikuwa na hesabu nyingine.

"Kinaongeza nini?"

"Kinavuta. Cha mbali kinakuwa karibu."

"Na kinapunguza nini?"

Hilo ni swali la mtu anayenunua nyanya soko la Chifu Kingalu na anajua fungu likipendeza juu aangalie chini. Nikaona nisimfiche. Taswira ikitanuliwa, mwanga ni ule ule, ila sasa unatandazwa mahali papana zaidi, kama mboga ya watu wanne ikigawiwa wanane. Unabaki nusu. Na wale wanaonunua cha kukuza mara mbili, wao wanabakiwa na robo.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hela ya bati umenunulia giza."

Nikamwambia haelewi mambo ya kitaalamu.

Kuna jambo jingine ambalo sikumweleza, kwa kuwa hata mimi sikulijua. Telekonveta hii ina kioo kilichojitokeza kwa mbele, kinaingia ndani ya lenzi kwa nyuma. Ukiirudisha lenzi ikawa fupi, vioo vya ndani vinarudi nyuma, na hapo kioo kwa kioo vitagongana. Waliotengeneza wakaweka kizuizi: ukishakibana kidude hiki, lenzi haishuki chini ya 300. Piga mara 1.4, maana yake unaanzia 420. Inaona mbali, na mbali zaidi. Karibu, haina habari nako. Hata begini hairudi mpaka uifungue vipande viwili. Muuzaji hakunidanganya. Sikumuuliza, naye alikuwa na ndege ya kuwahi.

Haya yote niliyajulia Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaipasua katikati kwa kilomita kama 50, kwa hiyo abiria wa basi la Mbeya wanatazama twiga bure huku wanatafuna karanga. Mimi nililipa kiingilio, tena kwa gari la kukodi tulilochangiana na rafiki zangu wawili, na tukaingia saa nne asubuhi, maana kwanza tulikunywa chai.

Saa sita tukampata simba katika mbuga ya Mkata, kwa mbali, amelala chini ya mti. Nikatoa mtambo. Wenzangu wakanyamaza kwa heshima. Sasa, lenzi ikivuta simba inavuta na kila kilicho katikati yako na simba, na saa sita mchana kilichoko katikati ni mvuke wa ardhi unaochezacheza. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera, simba alikuwa anatokota kama uji. Mkia ulikuwa sehemu tatu. Rafiki yangu mmoja akauliza kwa upole kama yule si mbuyu.

Tukasimama mahali pa kupumzikia tule. Ndipo akaja nyani, dume zima, akakaa juu ya kioo cha pembeni cha gari, upande wangu, hatua moja kutoka usoni pangu. Jua limempiga vizuri, manyoya ya manjano yanang'aa, ametulia kama bwana harusi anayesubiri apangwe. Nikainua kamera. Weusi. Nikazungusha pete ya lenzi nirudishe nyuma, pete ikagoma. Nikazungusha tena, ikagoma kwa mlio.

"Piga, bwana!" wananisukuma mgongoni.

Nikapiga. Hilo ni tundu la pua la kushoto, nje ya fokasi. Nilipokuwa ningali nimelishika dude, nyani akapitisha mkono dirishani, akachukua chapati mbili zilizokuwa mapajani kwangu, akaondoka bila haraka, kama mpokea michango aliyeridhika na kiwango.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema kosa ni la mbuga; kifaa hiki kinataka ndege. Na ndege wako Uluguru. Kuna chozi wa Loveridge, mdogo, anayemeta, ambaye duniani kote anapatikana katika milima hii tu. Fikiria: watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, na mimi namtazama mlima wake nikipiga mswaki. Nikalipia kibali cha kuingia hifadhi, nikapata kijana wa kuniongoza, tukapanda alfajiri kwa njia ya Morningside, kupita mashamba ya migomba, hadi pembezoni mwa msitu.

Msituni kuna mwanga wa chumba kilichofungwa mapazia. Toa nusu. Kamera ikaanza kutafuta fokasi: inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Ikilipata, ndege kaondoka. Nikipandisha ISO, picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani yenye antena ya waya. Nikishusha kasi ya shata, pumzi yangu tu inatosha kumchora ndege kama mtu kafuta ubao kwa kiganja. Kufikia saa tatu nilikuwa na picha 212, zote za majani.

Kina mama wawili wakateremka na mikungu ya ndizi kichwani. Tukasalimiana. Mmoja akasimama akanitazama ninavyolenga.

"Baba anapiga nini?"

"Anatafuta ndege," kijana akajibu.

"Ndege? Si aje shambani kwangu, wamenimalizia mtama."

Wakateremka wanacheka. Waluguru wana utani wa ukoo kwa ukoo, na nadhani siku ile waliniingiza katika ukoo fulani bila kunitaarifu.

Kijana, kwa kunifariji, akanisimulia habari za ndege mwingine wa mle ndani, mwenye kichwa chekundu kama kutu, anayesikika zaidi ya kuonekana. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Moreau, ndiye aliyemtangaza mwaka 1938, akampa jina la mkewe, Winifred. Nikatulia nikiwaza. Mwenzangu kampa mkewe ndege. Mimi wangu nimempa giza.

Nilikuwa ningali nawaza hivyo nilipohisi kitu kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye goti, kisha mahali ambapo insha hii haitafika. Wakati wote ule nilikuwa nimesimama juu ya njia ya siafu. Siafu hawaumi mmoja mmoja. Wanapanda kimya, wanajipanga, ndipo wanaanza. Suruali niliivua kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeinua kamera juu kama mtu anayevuka mto Ruvu na redio yake.

"Mzee," kijana akanong'ona. "Usitikisike."

Chozi alikuwa ametua kwenye ua, usawa wa bega langu. Kifua chekundu, mgongo kijani chenye mng'ao wa chuma, mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Ningemhesabu kope kama angekuwa nazo. Lenzi ilikuwa inaanzia 420, na ndege alikuwa karibu mno kwa fokasi yoyote ile. Tulitazamana, yeye na mimi, suruali yangu ikiwa magotini. Akanywa asali ya ua, akahamia ua la pili, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi. Lenzi yangu fupi ilikuwa kwa msaidizi, na msaidizi alikuwa kwenye msafara wa bwana harusi, na msafara ulikuwa umekwama. Bibi harusi naye akaamua kuingia. Nikajibanza mwisho kabisa wa ukumbi, mgongo ukutani, na mtambo wangu ukiwa umebanwa vile vile kama ulivyotoka mlimani, maana sikuwa nimeufungua. Nikapata hereni ya bibi harusi, nusu ya sikio la mpambe, kucha moja iliyoshika ua, na wapambe wanne waliokuwa wananipungia mikono niwasogelee.

Familia haijanilipa sehemu iliyobaki. Ila shangazi yake bwana harusi, aliyekuwa amekaa meza ya mbele na kucheka nilipobonyeza, ameagiza nakala tatu kubwa za fremu. Jino lake la dhahabu limetoka kali sana, mpaka nembo ya ukumbi inasomeka ndani yake.