Namna ya Kuihonga Damu Yako

Dodoso ni rahisi kulilaghai. Ukiulizwa unakula mboga mara ngapi kwa wiki, unajibu vile unavyopenda kujulikana, na karani anaandika. Kazi ipo kwenye sindano. Siku hizi watafiti hupima damu yenyewe: vitamini C, pamoja na karotenoidi, yaani zile rangi za mboga na matunda ambazo mwili haujitengenezei. Usiogope, ndugu yangu. Damu nayo huhongeka, ila ina masharti.

1. Anza mapema. Chungwa la asubuhi ya kipimo litainua vitamini C kwa muda tu. Luteini, karotenoidi ya mchicha, hujikusanya polepole na hukaa damuni kwa wiki kadhaa. Jipe mwezi mzima.

2. Achana na vidonge. Vitamini C ikizidi, figo huitoa na mkojo, na fedha zako huishia chooni. Vya betakarotini, kama unavuta sigara, viogope kabisa: utafiti wa Ufini uliotangazwa mwaka 1994, wenye wanaume wavutaji 29,133, ulikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa waliopewa vidonge hivyo.

3. Changanya rangi. Ukila karoti tupu utaumbuka: alfakarotini ya karoti itapanda, likopini ya nyanya itabaki chini. Weka nyanya, mchicha, papai na pilipili hoho.

4. Hii ndiyo njia ya mkato: mafuta. Karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo unga mchicha wako kwa tui au mafuta kidogo. Nyanya zipike, mwili utanyonya likopini kwa wepesi zaidi. Matunda uyale bila kuyapika, kwani moto huharibu vitamini C.

5. Zima sigara. Hushusha vitamini C ya damu hata kwa mtu anayekula vizuri.

6. Kama u mvivu, honga kidogo. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walijumlisha vitamini C na karotenoidi sita katika damu za watu wa nchi 8 za Ulaya. Kila nyongeza ya gramu 66 za mboga na matunda kwa siku iliendana na hatari ya kisukari aina ya 2 iliyo pungufu kwa robo. Gramu 66 ni karibu nusu chungwa. Ongeza hiyo leo, na kesho usiipunguze.