Wazo la Kijasiri

Mashine ya boti ya ukoo wetu ilipoanza kukohoa, kaka yangu mkubwa aliamua jambo hilo lijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp la familia. Karibu wote tunaishi hapahapa Kibirizi, Kigoma, hatua chache kutoka mwaloni, na tungeweza kukaa barazani tukalimaliza kabla kahawa haijapoa. Lakini mpwa wangu yuko Leicester, Uingereza, anafanya kazi kwenye ghala, na siku hizi jambo la fedha haliwezi kuamuliwa bila Leicester.

Kaka akaandika pendekezo lake: tununue mashine mpya, kubwa kuliko ya jirani, tuanze kubeba abiria wa Mwamgongo na Kagunga. Leicester achangie nusu. Mpwa wangu hakuchelewa kujibu. "Mjomba, hilo ni wazo la kijasiri sana. Limenivutia. Nitalifikiria."

Ujumbe ule ulisomwa kijiweni kwa sauti. Wazo la kijasiri, tena limemvutia, tena atalifikiria! Kaka alipigiwa makofi, akanunua kahawa ya watu wote, na asubuhi yake akapanda bodaboda kwenda mjini kumpa fundi kianzio.

Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba Mwingereza akikusifu kwa ujasiri wa wazo lako, anashangaa kwa nini ndugu zako hawajakupeleka ukapimwe kichwa. Hilo la kuvutiwa ndiyo namna yake ya kufunga mlango taratibu ili asikubane vidole. Na kufikiria kwake hakuna tarehe ya mwisho. Mpwa wangu ni Muha, kazaliwa hapa, kitovu chake kipo hapa, lakini amekaa kule muda wa kutosha kuambukizwa.

Fedha hazikuja. Kaka akamkumbusha. Jibu likaja: "Samahani sana, huenda nimekosea mimi, lakini nilidhani bado tunajadiliana." Kule Leicester, sentensi hiyo ni kofi la uso. Huku, kaka aliisoma mara mbili, akaguswa na unyenyekevu wa kijana, akajibu kwa niaba ya wazee wote: "Ni kweli umekosea mwanetu, ila tumekusamehe. Wewe tuma tu."

Dada yangu, mama mzazi wa kijana, alikuwa na hofu yake mwenyewe. Kila ujumbe wa mwanawe ulianza na samahani. Samahani kuuliza hali ya bibi, samahani kuchelewa kusema shikamoo, samahani kwa kusumbua. Usiku mmoja alinipigia simu akinong'ona: "Hebu niambie ukweli, mtoto kafanya nini huko? Mbona anatubu kila siku?"

Nimelitafakari sana jambo hili, maana kianzio kile kilikuwa na mchango wangu ndani yake. Nadhani tatizo ni kipimo. Sisi tukitania tunakuza. Mvuvi akirudi na mgebuka wa kawaida anatangaza mwalo mzima kwamba karibu aitwe askari wa kumsaidia kuuvuta. Mama wa dagaa akiona mwenzake kachelewa vichanjani atamuuliza kwa sauti ya kufika ng'ambo kama mumewe mpya hamruhusu kutoka. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao wazee wanasema ulikomazwa na misafara iliyotoka huku Ujiji kwenda pwani, unakuruhusu hata kudai sehemu ya jeneza msibani. Mwingereza yeye anapunguza. Nyumba ikiungua atasema kuna joto kidogo. Ukimkanyaga mguu ataomba radhi kwa kuuweka mguu wake chini ya wako. Uso hausogei, sauti haipandi, na utani umekwisha kupita, wewe bado unasubiri uanze.

Ana kwa ana bado unaweza kuokoka, kwa kuwa jicho lina siri zake. Kwenye simu jicho halipo. Inabaki sentensi tupu, na sisi Kibirizi sentensi tupu tunaiamini.

Ndiyo maana ucheshi wa Kiingereza uliotufikia salama ni ule ulionyang'anywa maneno. Rowan Atkinson alianza kuonekana kwenye televisheni kama Mr. Bean mwaka 1990, na baadaye kanda zake zilijaza mabanda ya video huku kwetu kuliko sinema za ngumi. Mtu mzima anashindana na bata mzinga, haongei kitu, tunakufa kwa kucheka. Angefungua mdomo akasema hali si nzuri sana, tungeondoka tukadai viingilio vyetu.

Mambo yalizidi Julai 2024, mpwa wangu alipokuja likizo na rafiki yake wa kazini, Mwingereza wa kuzaliwa, mrefu, mpole, wa kuungua na jua hata akikaa chini ya mwembe. Walikuja wakati mbaya. Serikali ilikuwa imefunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, vichanja vilikuwa vitupu, na usiku ziwa lilikuwa giza bila taa za wavuvi. Mgeni akamuuliza mama mmoja mwaloni maisha yakoje. Mama akajibu kwa uso mkavu: "Tumekufa, baba. Hawa unaowaona wote ni maiti, mimi nilizikwa juzi." Mpwa wangu akatafsiri neno kwa neno. Yule kijana alibadilika rangi, akaanza kupapasa mfukoni atoe pochi, na wale akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilimwonea huruma. Alikuwa amelipa kianzio chake.

Jioni dada akampikia ugali na mgebuka wa kuchoma alioupata kwa kuhangaika, mwezi ule samaki alikuwa dhahabu. Mgeni alikula mpaka mifupa ikang'aa, akasema si mbaya hata kidogo. Dada akaondoa sahani.

Kijiweni, mpwa wangu alijaribu kuwatetea Waingereza kwa historia. Mwaka 1915, alisema, jeshi lao la majini lilileta boti mbili ndogo, za mita 12 hivi kila moja, kuja kupigana na Wajerumani waliotawala ziwa hili kutokea hapa Kigoma. Zilikuja kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga, zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni tena hadi karibu na Kalemie ya leo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliomba ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa, ni aibu kwa jeshi. Akapeleka majina mengine, Mimi na Toutou, yakapita. Kumbe ndiyo yaleyale, paka na mbwa kwa Kifaransa cha watoto. Na tarehe 26 Desemba 1915 walipoiteka meli ya Kijerumani Kingani, wakaipa jina Fifi.

Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini alisikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo maana Mjerumani alichanganyikiwa," akasema. "Anarudi kutoa ripoti. Wakubwa wanamuuliza, nani kakupiga? Anajibu, Mimi."

Kijana mwingine akakumbushia kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, naye alikuwa Mwingereza. Alifika Gombe mwaka 1960, jirani yetu kabisa hapo kaskazini, na sokwe mmoja mwenye ndevu nyeupe akamwita David Greybeard. Kwa hiyo, akahitimisha, watu hawa sokwe wanampa jina la mzee wa kanisa na manowari wanaipa jina la paka, na sisi tunashangaa kwa nini hatuelewani nao kwenye simu.

Kaka hakucheka. Yeye lililomshika ni habari ya meli nyingine ya Kijerumani, Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Mashine imelala chini ya maji miaka minane, ikaamka," akasema kaka akimtazama mpwa wake. "Yetu inalala ikiwa juu ya maji."

Mzee wa bandari akataka neno moja kuhusu Ujiji, kwa kuwa haondoki mgeni bila Ujiji kutajwa. Mwaka 1871 Henry Stanley, mzaliwa wa Wales aliyejifanya Mmarekani, ametembea miezi tangu Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Anamkuta pale, mzungu pekee kati ya umati. Kwa maelezo yake mwenyewe alitamani kumkumbatia, lakini kwa kuwa mwenzake ni Mwingereza hakujua atapokelewaje, akavua kofia na kumuuliza kama, kwa kukisia kwake, yeye ndiye Daktari Livingstone. London walimcheka maisha yake yote. "Mimi ningepiga yowe," alisema mzee, "ningemwangusha chini, halafu ningemuuliza deni langu."

Siku mbili baadaye tuliwapeleka Gombe kwa boti yetu. Nilishauri tuondoke alfajiri. Tuliondoka saa tano, kwa sababu ya chai. Kusi ilikuwa imeamka, mawimbi yanapanda, na mbele kidogo ya Kalalangabo mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Boti ikageuka ubavu. Maji yakaingia na mizigo ya watu ikaanza kuogelea. Mgeni kashika ukingo kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe kuliko yeye. Akasema kitu.

"Anasemaje?" aliuliza nahodha.

"Anasema kuna unyevu kidogo," alijibu mpwa wangu.

Nahodha akatulia. Unyevu ndiyo ziwa lenyewe. Mgeni akasema tena kitu, kwa sauti ileile ya mtu anayeagiza chai, na mpwa wangu akatafsiri kwamba anashukuru kupata nafasi ya kuitazama milima bila haraka. Nahodha alifurahi kweli. Kwa miaka yote ya kubeba wageni hakuna aliyewahi kuisifia milima yetu akiwa katikati ya wimbi. Akaachia kamba ya kuwashia, akafungua kifurushi chake cha mihogo ya kukaanga, akaanza kula. Mgeni anafurahia, haraka ya nini?

Nilimwona mpwa wangu akipigana na nafsi yake. Leicester ilimshika mdomo kwa muda, halafu Kibirizi ikashinda. Aliruka juu ya magunia akapiga kelele: "Anaogopa! Mwenzenu anakufa kwa woga! Na mimi nakufa! Washa mashine!"

Hapo tukaelewana wote. Mihogo iliwekwa kando, plagi ikafunguliwa ikafutwa, na mashine ikawaka. Hatukufika Gombe. Tuliporudi mwaloni dada akamuuliza mgeni safari ilikuwaje, akajibu kwamba ilikuwa ya aina yake. Dada alikwisha kujifunza. Alimwita daktari wa jirani.

Usiku ule kaka alimuuliza mpwa wake, mbele yetu sote, anaionaje mashine yetu. Kijana akafikiri, akasema si mbaya sana kwa umri wake. Kaka akamwangalia usoni, kisha akaingia ndani kuhesabu fedha.

Fundi wa mjini anasema kianzio hakirudi, mashine ile alikwisha kuiuza kwa mwingine, na anasema hivyo bila samahani. Kwa hiyo mwenye mashine ya farasi 40 iliyotumika aje mwaloni Kibirizi amuulizie kaka. Aje na bei yake kamili, na kama ni mbovu aseme ni mbovu.