Niliuliza Njia, Nikajibiwa Mvua

Kiingereza changu nilikisoma kwenye Biblia ya babu, ile ya Mfalme James iliyotoka mwaka 1611. Babu alikuwa mzee wa kanisa huko Meru, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Nilipopata kazi ya kuongoza watalii Arusha mjini, sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa Waingereza, mzee na mkewe, tukielekea Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Usa River nikageuka kwa adabu zote: "Whither, madam?" Nilitaka kujua tuanzie wapi, Kreta ya Ngurdoto au maziwa ya Momella. Mama akautazama Mlima Meru uliojifunika mawingu, akasema huenda saa sita kutatakata. Alikuwa amesikia "weather", hali ya hewa. Mimi nikaelewa wanataka kusubiri hadi saa sita. Nikaegesha gari. Tukala ndizi za kuchoma saa tatu nzima, kila mmoja akimshangaa mwenzake kimoyomoyo.

Tulipoondoka nikaona mzee yuko kichwa wazi. "Wherefore is your hat, sir?" Nilikusudia iko wapi.

"Kwa sababu ya jua, kijana," akanijibu kwa upole kwa Kiingereza chake. "Ila nimeisahau kule kwenye ndizi."

Kumbe ni mwalimu mstaafu! Tukirudi kuifuata kofia, somo likaanza. "Wherefore" ni kwa nini. Ile "fore" ni "for", na nduguye "therefore" yu hai bado, tulimchosha sana kwenye insha za sekondari. Hata Julieti wa Shakespeare haulizi Romeo yuko wapi. Analia kwa nini awe Romeo. "Hither, thither, whither" ni kuja huku, kwenda kule, kwenda wapi. "Hence, thence, whence" ni kutoka hapa, kutoka pale, kutoka wapi. Kichwa cha neno kinataja mahali, mkia unasema unakwenda au unatoka. Wenyewe wakachoka, wakabaki na "where". Sisi hapa, huku na humu tunazo zote tatu, na bibi yangu hazichanganyi hata akisinzia.

"Na 'wither'?" nikauliza.

Ni kunyauka, akasema, na yaelekea lilichipuka kutoka "weather": kitu kilichoachwa juani. Nikazitazama ndizi zilizobaki kwenye dashibodi.

Momella tulifika saa nane mchana. Heroe walikuwepo. Mvua haikunyesha.