Beberu Aliyepewa Uhuru

Siku mbili kabla ya Idd Kubwa, beberu wetu alitoroka. Nasema alitoroka kwa kumsitiri binti yangu wa miaka minane. Ukweli ni kwamba alifunguliwa mlango, akaagwa, akapungiwa mkono.

Chanzo ni flashi. Niliipeleka duka la muvi hapa Isiolo mjini, nikaomba filamu ya watoto, isiyo na bunduki wala mabusu. Kijana akaniwekea Born Free, yaani kuzaliwa huru. Nikachekelea: hadithi ya kwetu hii! George Adamson alikuwa bwana nyama hapa hapa Isiolo. Mwaka 1956 alimuua simba jike, akarudi nyumbani na watoto watatu wa simba huyo, na mkewe Joy akamlea mmoja, Elsa, mpaka ukubwani. Kitabu kilitoka 1960, filamu 1966, na muziki wake ukazoa Oscar mbili.

Elsa alipoachiwa porini, muziki ulipanda. Binti akalia, mama yake akalia, mimi nikasingizia vumbi. Mama yangu peke yake, Akko wa watoto, aliendelea kunywa chai yake ya maziwa ya ngamia, macho makavu.

Asubuhi zizi tupu. Kamba imekunjwa vizuri juu ya jiwe.

"Nimemwachia awe huru, Baba. Kama Elsa."

Shilingi 12,000 hizo, zina miguu minne. Nilizunguka Bula Pesa yote na kikoi changu, wauza miraa wakinipa ushauri ambao sikuuomba. Adhuhuri nikamkuta jikoni kwa jirani: amemaliza sukuma wiki, ameanza unga wa chapati, ananitazama kama mwenye nyumba. Nikalipa fidia, nikamburura kwa pembe.

Jioni nilikuwa nimejiandaa kufoka. Mama akanizuia. "Mwache. Amefanya alichofundishwa." Akamgeukia mjukuu wake. "Yule simba anaitwa nani?"

"Elsa!"

"Na yule mwanamke aliyeliwa mtoni, mwanzo kabisa?"

Kimya. Hata mimi nilikuwa nimemsahau. Mwanamke anafua nguo, simba anamrukia, na hadithi inasonga mbele bila yeye.

Mama amekulia nyuma ya mifugo. Kwake simba ni ndama anayekosekana asubuhi. Filamu haikumpinga kwa neno lolote. Iliamua tu nani apewe jina, nani apigiwe muziki, na kamera itulie usoni kwa nani. Zamani mbinu hii ilikuwa wazi zaidi: mwaka 1939 Waingereza waliunda Colonial Film Unit, kitengo cha filamu cha wakoloni, na magari ya sinema yakawapelekea Waafrika picha za kuwahimiza waunge mkono vita vyao. Pale mtazamaji aliweza kujua kwamba anahubiriwa. Hii yetu ilikuja na machozi, na mtu anayelia hahoji. Ndiyo maana binti yangu, mtoto wa wafugaji, alilala akimlilia simba na kuamka akifungua zizi.

Siku hizi filamu ikiisha kwetu, Akko huuliza swali moja kabla hatujazima taa: nani hakupewa jina? Nanyi ulizeni kwenu, iwe ni muvi, taarifa ya habari au tangazo la sabuni.

Beberu wa zizini tulimchinja siku ya Idd. Yule wa kwenye flashi bado tunamfukuza.